Mkemia Aliyeiogopa Chupa Yake

Mkemia hakunywa kitu bila kukinusa kwanza. Chai, uji, hata dafu lililopasuliwa mbele ya macho yake, vyote vilipita puani. Wala hakuinamisha pua kwenye kikombe kama sisi wengine. Alikipepea kwa kiganja, mvuke umfuate yeye alipo. Ndivyo alivyotufundisha kunusa asidi tulipokuwa sekondari, na alipostaafu aliendelea kuitendea dunia nzima kama maabara ambayo mtu mwingine ametoka bila kuisafisha. Harusini watu walimwona akiipepea sahani ya pilau wakaangua kicheko.

"Mkemia, hiyo ina mbuzi, haina baruti!"

"Mbuzi nimemwona," alijibu. "Aliyeosha sufuria sijamwona."

Nilikuwa mwanafunzi wake, mmoja wa wale waliomwongezea mvi. Chini ya karatasi yangu ya mwisho ya kemia aliandika, "Jaribu historia." Nikaenda chuo kikuu kusoma fasihi, somo ambalo yeye alilihesabu kuwa historia iliyokosa mashahidi. Nikarudi na shahada, miwani, na tabia ya kuandika makala kuhusu watu ambao hawakuniomba. Ni yeye pekee mjini kwetu Kibiti aliyewahi kunisahihishia makala iliyokwisha kuchapwa gazetini. Aliikata, akaipitia kwa wino mwekundu, akaniletea mkononi. Kila palipoandikwa "bila shaka" alikuwa amepiga mstari.

Maneno hayo aliyaogopa kuliko nyoka. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, mawingu yameshagusa minazi, atakujibu, "Kuna dalili." Msibani niliwahi kukaa naye jamvi moja, mzee mmoja akasema marehemu sasa amepumzika. Mkemia alifungua kinywa, akakifunga, akashika goti lake kwa nguvu. Nilijua alichokuwa akikimeza.

Aliishi nyumba moja na mdogo wake, ambaye sote tulimwita Maalim. Nyumba ilikuwa na milango miwili na ukumbi mrefu katikati. Upande wa mbele Maalim alisomesha watoto Kurani na kuwaandikia wagonjwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, isuuzwe kwa maji na marashi, mgonjwa anywe palepale au atiliwe kwenye chupa aende nayo kwake. Upande wa nyuma, kwenye jiko la marehemu mkewe, Mkemia alichemsha majani ya mikoko.

Walipendana sana ndugu hawa na hawakukubaliana hata kuhusu chumvi. Mkemia alikuwa mtu wa swala tano, wa safu ya kwanza, na hakuna siku aliyomcheka mdogo wake kwa kombe. Lakini hakulinywa. "Sijasema halifai," aliniambia. "Nimesema sijui kipimo chake." Maalim naye hakugusa kitu chochote kilichotoka jiko la nyuma, hata maji ya kuoga. "Kaka yangu ni mtu mzuri," alisema, "ila kwake ukikuta sukari, uliza kwanza."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, daraja la Rufiji likiwa bado jipya, watu wakipanda juu ya vichuguu kutafuta mtandao wa simu. Kila kitu kiliuzwa. Dawa zilishuka kutoka kwenye mabasi ya Dar pamoja na mitumba na betri, na mtu aliyeuza sabuni asubuhi aliuza vidonge jioni, kimoja kimoja, kama pipi. Mkemia alipita mbele ya maduka hayo kama apitaye mbele ya mbwa asiyefungwa. Alisema vijidudu vimeanza kuzizoea dawa, kwa kuwa watu wanameza nusu na kuacha nusu. Alisema vidonda vya Kibiti vilikuwa vikipona upesi zaidi zamani. Kisha akajisahihisha: huenda zamani hatukuwa tunavihesabu.

Katika hofu hiyo ndipo ilipomfikia bahasha ya mwanafunzi wake wa zamani, mmoja aliyefaulu, kwa hiyo si mimi. Kijana huyo alikuwa akisoma ng'ambo na alimtumia nakala za maandishi ya wataalamu. Humo walieleza jinsi maji ya majani ya mimea yanavyoweza kuigeuza fedha, yale madini ya bangili na vikuku, kuwa chembe ndogo mno, na jinsi chembe hizo zinavyoua vijidudu kwenye kidonda. Mkemia alinieleza udogo wake kwa kuninyofoa ndevu.

"Shika unywele huo. Sasa zipange chembe hizi upande kwa upande, uvuke unene wake. Utazeeka hujafika ng'ambo."

"Na unazionaje, Mwalimu?"

"Sizioni. Hapo ndipo usingizi unapokatika."

Fedha aliipata kwenye kikuku cha marehemu mama yake. Alikiyeyusha kwenye asidi, nje, upepo ukimtoka mgongoni, machozi yakimtiririka; alisema ni moshi. Maji yakatoka na rangi ya buluu, naye akajua sonara wa zamani alikuwa amechanganya shaba. Ilimchukua muda mrefu kuitoa shaba ile, na muda mrefu zaidi kumsamehe sonara. Majani aliyafuata mwenyewe Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, maji yakiwa yamekupwa, suruali imekunjwa, akichuma jani la mkandaa, mkoko wa huko, moja moja kama mama anayechambua mchele. Alichagua mkandaa kwa sababu wavuvi wa delta walichemsha magome yake kutia rangi nyavu zisioze, na kitu kinachozuia kuoza, alisema, lazima kina jambo la kusema na kuoza.

Niliona kazi yenyewe. Alitia maji ya majani, kidogo, ndani ya maji ya fedha yaliyokuwa meupe kabisa. Hakuna kilichotokea, nami nikaanza kuandaa maneno ya kumfariji. Kisha rangi ya manjano ikaingia polepole, ikakolea, ikawa kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa. Akatoa mfukoni kijitochi cha mwanga mwekundu, vile vya kuchezea vilivyouzwa stendi pamoja na saa za plastiki, akaupitisha mwanga chupani. Ndani ya maji ulionekana mstari mwekundu ulionyooka. Kwenye maji matupu mstari haukuonekana.

"Zipo!" nikasema.

"Kuna kitu," alisema. "Hata chai chafu huonyesha mstari."

Alijaribu kwa nyama. Kipande ndani ya maji ya kawaida kilinuka upesi, cha ndani ya maji yake kilichelewa. Mtu mwingine angetangaza msikitini. Yeye alizidi kukonda. "Nyama ya buchani haina figo," aliniambia. "Haina ini. Chembe zikiingia kwa mtu mzima zinakwenda wapi? Zinatoka? Na maandishi ya kijana wangu hayasemi." Hakuthubutu kuzitumia, hakuthubutu kuzimwaga pia, maana chembe zinazoua vijidudu vya kidonda zitaua na vijidudu vya mtoni wanavyokula kamba wadogo. Basi akazitia kwenye chupa tupu za marashi alizopewa na shemeji yake, mke wa Maalim, na kwa kuwa hazitakiwi kukaa kwenye mwanga, akazipanga kwenye rafu ya ukumbini palipokuwa na giza. Kila chupa aliibandika karatasi yenye fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, na chini yake, kwa herufi kubwa, USINYWE.

Shemeji yake alikuwa mwanamke msafi mwenye dini. Alipita na ndoo ya maji, akaona mafuvu yamejipanga ukumbini kwake. Nyumba inayosomwa Kurani haitiwi sanamu, malaika wa rehema hawaingii. Akaziloweka chupa, akazikwangua karatasi zote vizuri, akazirudisha rafuni, zikapangika na chupa za kombe ambazo mumewe huziandaa mapema. Marashi yaleyale, chupa zilezile. Na zafarani ndani ya maji, kwenye ukumbi wenye giza, ina rangi gani? Mtu yeyote wa pwani anaijua: manjano iliyokolea, gizani haina tofauti na maji ya Mkemia.

Sasa nimtaje Shangazi yangu. Alikuwa mjane, msusi wa mikeka, mwenye ulimi ambao mafundi wa Kibiti waliuogopa. Alichomwa na mwiba wa mkindu mguuni akaudharau, na kwa kuwa ana kisukari, mwiba ukageuka donda ndugu. Alikwenda zahanati kusafishwa na kufungwa bandeji kila siku, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka mayai yake yote chini ya kuku mmoja, alikwenda na kwa Maalim. Maalim akamwombea, akanyoosha mkono rafuni, akampa chupa. Shangazi akainywa asubuhi baada ya asubuhi mpaka ikaisha.

Donda likafunga.

Mkemia alipogundua chupa moja imepungua na karatasi hazipo, alizirudisha zilizobaki jiko la nyuma, akaulizia kwa mbali nani amepewa kombe, kisha akanitafuta mimi. Nilikuwa likizo, nimekaa kwa Shangazi nikijifanya naandika. Alinivuta mpaka nyuma ya msikiti.

"Nakwambia wewe kwa sababu hata ukitaka kumweleza mtu, hutaweza. Hukuwahi kuelewa somo."

Akaniambia yote. Nikamwuliza la kijinga lakini lililonijia kwanza: si amepona?

"Nani kamponya?" alisema. "Bandeji ya nesi, dua ya mdogo wangu na fedha ya mama yangu, vyote vitatu vimekwenda pamoja. Nani atavitenganisha? Na kupona si mwisho. Fedha ikikaa mwilini humgeuza mtu rangi. Huwa ya majivu, ya buluu. Huanzia kwenye ufizi na kwenye mizizi ya kucha. Ikishaingia, haitoki. Na hiyo ni ile inayoonekana nje."

"Mwambie, basi."

"Nikimwambia nimemvunjia mdogo wangu heshima. Nisipomwambia nimemvunjia yeye. Nipe muda nimwangalie."

Ndivyo zilivyoanza Ijumaa. Baada ya swala Mkemia alikuja kwa Shangazi, kanzu imepigwa pasi, akaketi ukingoni mwa mkeka, akauliza habari za mguu, za watoto wa jirani, za bei ya ukindu. Wakati wote macho yake yalikuwa kwenye vidole vyake vikisuka. Shangazi akicheka, yeye aliinama amtazame ufizi. Akinyamaza, alimwuliza swali lenye kuchekesha ili acheke tena. Na kwa mtu aliyefundisha kemia maisha yake yote bila mzaha, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuyeyusha kikuku.

Kibiti ina macho. Mjane, na mgane, na kanzu, na Ijumaa.

"Mkemia, posa lini?" walimrushia kutoka vibarazani.

"Anapima kwanza huyo! Mpaka ampime, bibi harusi kazeeka!"

Shangazi alijifanya hasikii. Kisha Ijumaa moja nikamwona amepaka hina, mikono yote, kucha zote, nyekundu iliyokolea mpaka kuwa nyeusi. Mkemia alifika, akasalimia, akatazama mikono ile, akawa kama mtu aliyefungiwa mlango. Aliondoka bila kumaliza kahawa.

"Kapaka hina," aliniambia barabarani. "Mpaka zikue zitoke hizo kucha! Miezi! Kwa nini kapaka hina?"

Nilimtazama mzee huyu aliyesoma maandishi ya ng'ambo kwa kamusi, nikaona kwamba hajui kweli.

"Mwalimu," nikasema, "kapaka kwa ajili yako."

Alisimama katikati ya barabara. Lori la mkaa lilimpigia honi, akasogea, akasimama tena.

Huenda angeendelea kunyamaza, maana alikuwa na kipaji cha kunyamaza. Lakini habari za mguu wa Shangazi zilitembea. Walikuja watu wa Chumbi, wakaja wa Ngorongo, wakitaka kombe la vidonda. Maalim aliwaandikia kwa zafarani yake halali, asijue kitu. Kisha akaletwa mwanamume kutoka Ngarambe, amelazwa kwenye baiskeli, mguu umefungwa majani, na nduguze wakasema kwa fahari kwamba wamemtoa zahanati makusudi ili kombe lisichanganywe na dawa nyingine. Harufu ilifika mpaka jiko la nyuma. Mkemia alitoka, hakuhitaji kupepea kwa kiganja.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Aliwaambia wale ndugu wamrudishe mgonjwa zahanati mara moja, na kwa kuwa walisita, akamshika Maalim mkono akamleta mpaka kwa Shangazi, mimi nikifuata. Akasimama. Hakuketi kwenye mkeka.

"Bibi, chupa uliyokunywa haikuwa kombe. Ilikuwa yangu. Ni fedha na majani ya mkandaa. Sijui imekufanyia nini. Nimekuwa nikija kukutazama kucha."

Maalim alikuwa wa kwanza kusema, na alisema polepole, kama anayesoma mahali penye giza.

"Niliisomea dua chupa ile, Kaka. Sikuijua, lakini niliisomea. Aliyeponya ni Mungu. Ila mkono ulioitoa rafuni ni wangu." Akageuka akatoka, na tulimsikia njiani akiwaita wale wa Ngarambe: "Nyanyueni baiskeli, twende zahanati. Kombe nitamwandikia kulekule, akishasafishwa."

Shangazi hakumtazama Maalim wala hakunitazama mimi.

"Kwa hiyo Ijumaa zote hizo," alimwambia Mkemia, "ulikuwa ukija kuangalia kucha."

"Ndiyo."

"Na mizaha ile?"

"Nilitaka kuona ufizi."

Shangazi aliingiza mikono yote miwili ndani ya khanga. Nilitamani atukane. Alikuwa na matusi ya kutosha mji mzima, na hakutoa hata moja.

"Utanipeleka hospitali Dar," alisema mwishowe. "Utamweleza daktari mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sitasaidia hata neno."

Tulikwenda. Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Mkemia alimweleza kwa ukamilifu uliomfanya kijana yule aweke kalamu chini. Alipima damu, mkojo, sukari. Alisema figo ziko sawa kwa leo. Kuhusu fedha yenyewe alitikisa kichwa.

"Kipimo cha hicho hatuna hapa, mzee. Labda nje ya nchi. Mtazameni tu. Mkiona mabadiliko, mleteni."

Mkemia hakusikia neno jingine ila "kwa leo". Njia nzima ya kurudi alilirudia chini kwa chini kama uradi. Basi lilipopita Mbagala, Shangazi alimgeukia.

"Umesikia. Kipimo hakipo."

"Hakipo."

"Basi kipimo ni wewe. Utakuja Ijumaa kama kawaida. Na mizaha usilete, haikupendezi."

Hakuna posa iliyopelekwa. Watu wa vibarazani walichoka kuuliza, wakahamia kwenye habari nyingine. Mkemia alizifukia chupa zote ndani ya debe la mchanga, akafunga mfuniko kwa saruji, kisha akaanza kuwa na wasiwasi kuhusu saruji. Mwanamume wa Ngarambe alibaki na mguu wake, umepungua vidole. Maalim hakuandika tena kombe la kidonda kwa mtu asiyetoka zahanati kwanza, na mkewe aliweka rafu ya pili kwa vitu vya shemeji yake, mbali, akaandika juu yake USINYWE kwa chaki, bila picha.

Mara ya mwisho niliyowakuta pamoja, Mkemia alikuwa amezeeka sana. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na alikataa kupasuliwa mpaka amwone daktari mpasuaji akinawa. Na hilo alijua hawezi tena kuliona. Aliongozwa na fimbo mpaka kwenye mkeka. Shangazi, naye mvi tupu, alimnyooshea mkono bila kusitisha mazungumzo na jirani, kama anyooshaye mguu uvuliwe kiatu. Alikuwa na hina. Kucha ya kidole kidogo aliiacha tupu.

Mkemia aliushika mkono ule, akausogeza karibu na uso, akausogeza mbali. Kisha akaita jina langu, kwa sauti ileile ya darasani iliyokuwa ikinitoa jasho.

"Njoo. Wewe una macho. Rangi gani?"

Nikapiga magoti. "Safi, Mwalimu."

"Safi si rangi."

Nilivua miwani, nikaifuta kwa shati, nikaivaa. Nikamwomba Shangazi asogeze mkono nje ya kivuli cha paa. Nilitazama kucha ile ndogo kama ambavyo sikuwahi kutazama kitu chochote mle maabarani, na moyo ulinipiga kwa hofu ambayo sasa niliijua ni ya nani.

"Semeni basi," Shangazi alisema. "Nina mkeka wa watu."

"Ya waridi," nikasema. "Kama ya mtoto."

Mkemia alivuta pumzi, hakuishusha.

"Na kwenye mzizi?"

Nikainama tena.